Kuajiri msaada wa nje kwa hifadhi ya nyaraka za kihistoria: kuanzia kupima rafu hadi mkataba wa dharura

Taasisi nyingi zenye nyaraka za zamani, ziwe za dini, vyama, shule, hospitali au kampuni, hazina mtunza nyaraka wa kudumu. Kazi ikizidi huitwa mtu wa nje: wa kuskani, wa kukarabati karatasi, wa kuhifadhi maboksi, wa kufunga programu ya katalogi. Hapo ndipo pesa hupotea, na mara nyingi kosa si la mtoa huduma. Aliyemwita hakujua ana nini stoo, wala hakuandika anataka arudishiwe nini. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Ukiruka ya kwanza utailipia katika zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kupiga simu

Chukua futikamba, penseli na karatasi. Usichukue kalamu ya wino. Wino haukanyagi stoo ya nyaraka. Pita rafu moja baada ya nyingine, pima urefu uliojaa, ujumlishe kwa mita. "Mita ya rafu" ndicho kipimo kinachoeleweka na kila mtoa huduma. "Maboksi mengi" hakimwambii mtu kitu, kwa kuwa boksi la mmoja ni kabati la mwingine.

Kwa kila rafu andika mambo matano: mahali ilipo, nyaraka zimetoka idara au mtu gani, miaka ya mwanzo na mwisho, aina (majalada, vitabu vilivyojalidiwa, picha, ramani, kanda) na hali. Kwa hali, maneno matatu yanatosha: nzima, dhaifu, haishikiki. Mizani ya ngazi kumi huzaa ubishi tu.

Kisha fungua maboksi kumi bila kuchagua na uhesabu kurasa zilizomo. Karatasi 100 za kawaida za ofisini zina unene wa takriban sentimita moja, hivyo mita moja iliyobanwa kabisa haiwezi kuzidi karatasi 10,000. Kiuhalisia, majalada, mikunjo na nafasi tupu hupunguza idadi hiyo sana. Wastani wa maboksi yako kumi una thamani kuliko kadirio la mtu yeyote wa nje, na ndio utakaoonyesha kama bei aliyoitoa ina msingi.

Pima na uzito. Mita moja ya karatasi iliyobanwa hukaribia kilo 50. Anayetaka kuweka rafu za kusogezwa kwenye reli, ambazo hukusanya uzito huo wote mahali pamoja, amwite kwanza mhandisi wa majengo, muuza rafu baadaye.

Katika hatua hii usipange upya chochote. Majalada yaliyokaa pamoja yana sababu ya kukaa pamoja, hata kama sababu hiyo bado hujaiona. Mpangilio wa awali na asili ya nyaraka ni sehemu ya ushahidi. Msaidizi mwenye bidii anayezipanga "kwa mada" anaweza kufuta kwa wiki moja kile ambacho hakuna fundi atakayekirudisha.

Hatua ya 2: Tenganisha kazi yako na kazi ya kununua

Yapo mambo matatu yasiyouzwa nje: kuamua kipi kibaki na kipi kiteketezwe, kuamua nani aruhusiwe kusoma nini, na kujua kila mkusanyiko umetoka wapi. Mshauri anaweza kukufundisha namna ya kuyafanya, lakini sahihi iwe yako.

Yapo pia mengi yanayolipiwa bila sababu. Kufuta vumbi kwa brashi laini ukielekea nje ya ukurasa, kutoa pini na vibanio vyenye kutu, kuhamishia majalada kwenye maboksi mapya, kuinua maboksi yaliyo sakafuni hadi rafu ya chini iwe na angalau sentimita 15 kutoka chini: kazi hizi watu wawili waliofundishwa kwa siku moja huzimaliza. Maboksi na mikunjo viwe vya karatasi isiyo na asidi, na kwa karatasi ya kudumu uliza kiwango cha ISO 9706. Kwa bahasha za picha uliza kama zimefaulu jaribio la PAT, la kupima kama kifungashio kinadhuru picha, yaani ISO 18916. Neno "haina asidi" peke yake kwenye kifungashio halitoshi kwa picha. Mikono iwe safi na mikavu. Glavu za pamba huondoa hisia za vidole na kuchana kingo za karatasi, kwa hiyo glavu (za naitrili) zibaki kwa picha na negativu.

Kabla ya kununua kiyoyozi, nunua virekodi viwili vya joto na unyevu. Kimoja kiweke kwenye kona ya ukuta wa nje, kingine katikati ya rafu, virekodi kila nusu saa kwa miezi mitatu au zaidi ili vikamate mabadiliko ya msimu. Unyevu hewani ukizidi asilimia 65 kwa muda, kuvu huamka. Ukishuka chini ya 30, ngozi na tabaka la picha hukakamaa. Kinachoua zaidi, hata hivyo, ni kupanda na kushuka kila siku. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni hupoza kuta na maboksi, halafu usiku hewa ya joto yenye unyevu huingia na kutua juu ya vitu vilivyopoa. Stoo nyingi zilizoota kuvu zina kiyoyozi kizima kabisa. Chumba chenye kuta nene, kisicho na dirisha wazi wala bomba darini, na chenye feni inayosogeza hewa taratibu, mara nyingi hukishinda.

Kinachobaki ndicho cha kununua: ukarabati wa vilivyochanika au kuungua asidi, uskani kwa wingi, hifadhi ya maboksi nje ya jengo, seva na katalogi, udhibiti wa wadudu, ukaushaji baada ya mafuriko au moto.

Hatua ya 3: Tafuta kwanza msaada usiouzwa

Baraza la Kimataifa la Nyaraka, ICA, lililoundwa 1948, lina matawi ya kanda na hutoa viwango bila malipo. Kwa kuelezea mikusanyiko tumia ISAD(G). Ina vipengele 26, lakini vya lazima ni sita tu: msimbo rejea, kichwa, aliyezalisha nyaraka, tarehe, ukubwa na ngazi ya maelezo. Mtu akikuuzia fomu ya vipengele 60, mwulize ni nani atakayeijaza.

Kama stoo imevurugika kiasi cha kutopitika, ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi, ina mbinu iitwayo RE-ORG. Ilibuniwa kwa ajili ya makumbusho madogo, lakini hatua zake za kupanga upya nafasi zinafaa pia kwa maboksi. Kwa upande wa kidijitali, Digital Preservation Coalition hutoa kipimo cha kujitathmini, DPC RAM, ambacho watu watatu mezani hukijaza kwa siku moja.

Ruzuku za kuskani zipo. Endangered Archives Programme ya British Library, iliyoanza 2004, hulenga nyaraka za zamani zilizo hatarini, na kazi hufanyika zilipo, bila nyaraka zenyewe kuondoka nchini mwake. Mpango wa Modern Endangered Archives Program wa UCLA, chuo kikuu cha Marekani, hutazama nyaraka za karne ya 20 na 21. Yote miwili huhitaji maelezo ya ukubwa, miaka na hali. Ulichokiandika Hatua ya 1 ni karibu nusu ya ombi.

Hatua ya 4: Andika hadidu za rejea zisizopindika

Uskani utumike kama mfano, maana huko ndiko mikataba mibovu hujaa. Andika yafuatayo kwa namba, si kwa sifa. "Ubora wa hali ya juu" si sharti la mkataba.

Msongo wa picha: nukta 300 kwa inchi hutosha hati iliyochapwa ya ukubwa wa A4. Maandishi ya mkono, mihuri iliyofifia na ramani viwe 400. Picha ndogo za karatasi ziwe 600. Negativu za milimita 35 huhitaji 3,000 au zaidi, kwa mashine yenye msongo halisi wa lenzi, usiwe wa kukuzwa na programu. Rangi iwe ya biti 24 hata kwa karatasi inayoonekana nyeusi na nyeupe, kwani penseli nyekundu ya karani na muhuri wa buluu hupotea kwenye kijivu.

Faili kuu liwe TIFF isiyobanwa, pamoja na nakala ya kusomea ya JPEG au PDF/A, yaani PDF ya kuhifadhiwa muda mrefu. Hapa piga hesabu mwenyewe. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 katika rangi ni takriban megabaiti 26. Kwa 400 ni 46. Kwa 600 ni zaidi ya 100. Kurasa 10,000 kwa nukta 400 ni karibu gigabaiti 465, na nakala tatu zake hukaribia terabaiti moja na nusu. Taasisi isiyo na mahali pa kuweka terabaiti moja na nusu isisaini mkataba wa kurasa 10,000. Ianze na 2,000.

Majina ya mafaili yafuate msimbo rejea, bila nafasi wala maelezo: KM_02_015_0007.tif, yaani mkusanyiko, mfululizo, jalada, ukurasa. Jina kama "barua ya mwenyekiti nzuri.tif" halitapangika, wala halitakuwa la kipekee.

Ongeza masharti ya mashine na mikono. Skana ya kuvuta karatasi yenyewe isiguse kitu chochote dhaifu, kilichokunjwa au kilichoshonwa. Vitabu vilivyojalidiwa vipigwe picha kutoka juu kwenye kitanda cha umbo la V, visifunguliwe kwa nguvu hadi mgongo upasuke, na visikatwe migongo. Sharti la kukata liandikwe wazi: wapo wanaokata kwa sababu ni haraka, kisha hukurudishia karatasi zilizolegea ndani ya bahasha. Nyuma ya kila karatasi iskaniwe hata kama ni tupu, au mtoa huduma aandike kwenye orodha kwamba ni tupu. Kingo zote za karatasi zionekane. Kadi ya rangi na rula viwepo mwanzoni mwa kila kundi.

Kuhusu malipo, chagua kipimo kwa uangalifu. Ukilipa kwa siku, kazi haina mwisho. Ukilipa kwa boksi, kurasa zitarukwa. Ukilipa kwa picha, utapewa nakala mbilimbili. Lipa kwa picha *iliyokubaliwa*, dhidi ya idadi ya kurasa uliyoihesabu wewe kabla ya boksi kutoka.

Usomaji wa maandishi kwa mashine hufanya vizuri kwenye chapa safi na vibaya kwenye mwandiko wa mkono. Usiulipie kabla ya kuona matokeo ya kurasa 20 zako mwenyewe.

Mwisho wa hadidu: haki zote za picha ni za taasisi, mtoa huduma asibaki na nakala baada ya siku utakazotaja, na majalada yenye habari binafsi (ya wagonjwa, watumishi, wanafunzi, mashauri ya nidhamu) yatajwe mapema na yafanyiwe kazi ndani ya jengo lako au yasiguswe kabisa.

Kwa ukarabati masharti ni mafupi lakini makali. Fundi atoe pendekezo la maandishi kwa kila kitu na picha kabla na baada, na atumie vifaa vinavyoweza kuondolewa baadaye: karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Anayependekeza kuzamisha hati kwenye plastiki ya moto, ile ya vitambulisho, usiendelee naye. Plastiki hiyo haitoki bila kuichukua hati. Selotepu vivyo hivyo: gundi yake huhama, huacha doa la kahawia, kisha utepe huanguka na doa hubaki.

Hatua ya 5: Jaribio la maboksi mawili

Chagua boksi moja jepesi na moja gumu kuliko yote. Watoa huduma hupenda kuonyesha kwa jepesi. Kagua kila picha, moja baada ya nyingine, huku karatasi yenyewe ikiwa mbele yako. Kwenye jaribio ndiko utagundua kwamba kadi ya rangi haipo, kwamba ukurasa wa 14 umetangulia wa 13, kwamba barua iliyoambatanishwa kwa pini ndani ya barua nyingine haikufunguliwa. Rekebisha hadidu, rudia, ndipo usaini kazi nzima.

Hatua ya 6: Kutoa maboksi nje ya mlango

Kila boksi liwe na namba pande mbili. Orodha iwe nakala tatu: inayobaki, inayosafiri, ya dereva. Pande mbili zisaini wakati wa kutoka na wa kurudi, na idadi ya majalada ndani ya kila boksi ihesabiwe mara zote mbili. Gari liwe limefungwa, lisisimame usiku, lisichanganye mzigo. Peleka sehemu, usipeleke mkusanyiko wote kwa safari moja.

Bima haitarudisha nyaraka. Iandikwe kugharimia ukaushaji, ukarabati na kazi ya kutafuta nakala kwingine. Thamani ya "karatasi" itahesabiwa kama karatasi.

Kwa hifadhi ya kukodi nje ya jengo, soma ukurasa wa gharama za kutoka kabla ya kusoma wa kuingia. Kodi ya mwezi huwa ndogo. Ada ya kila boksi unapohama ndiyo inayokufunga. Na uombe kuona chumba chenyewe wakati wa mvua, si sebule ya ofisi yao.

Hatua ya 7: Kupokea na kukagua

Pokea kwa makundi madogo, tuseme kurasa 1,000. Kwa kila kundi, linganisha kwanza idadi ya mafaili na hesabu yako. Kisha chagua asilimia 10 bila mpangilio na uzifungue kwa ukubwa kamili kwenye skrini: ukungu wa lenzi, kidole cha mfanyakazi, kingo zilizokatwa, mstari wa wima unaojirudia (vumbi kwenye kioo cha skana). Kosa likizidi picha moja kati ya 100, rudisha kundi zima. Ukikubali "kurekebisha hizo chache tu," umegeuka mkaguzi wa bure wa mtoa huduma, na makosa usiyoyafungua yatabaki.

Mafaili yaje na cheksamu za SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika hata biti moja ya faili ikibadilika. Mfungasho wa BagIt (RFC 8493, 2018) huweka mafaili na orodha ya cheksamu katika folda moja na hukaguliwa kwa programu za bure. Endesha ukaguzi huo siku ya kupokea, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine kabisa. Diski za DVD zisihesabiwe kama nakala.

Usilipe sehemu ya mwisho ya pesa hadi maboksi yamerudi, yamehesabiwa, na nakala ya pili imethibitishwa.

Hatua ya 8: Programu ya katalogi, na njia ya kutokea

AtoM na ArchivesSpace ni programu za bure za chanzo huria zinazofuata viwango vya taaluma. Archivematica hushughulikia uhifadhi wa mafaili yenyewe. Bure haina maana ya bila gharama: zinahitaji seva, mtu wa kuzisasisha na mtu wa kujibu simu zinapolala. Kulipia mtoa huduma wa kuzihifadhi ni uamuzi wa busara kwa taasisi isiyo na fundi wake.

Mwulize swali moja kabla ya bei: nikiondoka kesho, nitaondoka na nini? Jibu linalokubalika ni data yote katika CSV (jedwali la maandishi matupu) au EAD (muundo wa kawaida wa maelezo ya nyaraka), nakala kamili ya kanzidata, na mafaili pamoja na cheksamu zake, ndani ya siku zilizotajwa, bila ada. Kisha usingoje kuondoka. Omba usafirishaji huo kila baada ya miezi mitatu na uufungue kwenye kompyuta nyingine. Hapo ndipo hujitokeza kwamba herufi zenye alama zimegeuka maswali, au kwamba viungo kati ya maelezo na picha vimebaki kwenye seva yao.

Hatua ya 9: Mikataba miwili ya kusaini wakati mambo ni shwari

Wa kwanza ni wa wadudu. Wapulizaji dawa hawajui nyaraka. Wengine hutumia gesi ya fosfini, ambayo hula shaba na kuharibu vifaa vya umeme. Tena, kufukiza huua waliomo leo bila kuzuia wanaoingia kesho. Kilichoshambuliwa kifungwe kwenye plastiki na kigandishwe kwa nyuzi −20 au chini kwa wiki mbili, kisha kipewe siku nzima kurudi joto la chumba kabla ya kufunguliwa, ili maji yasitue kwenye karatasi. Sahani za kioo, filamu na vitu vya vifaa mchanganyiko visigandishwe bila ushauri wa fundi wa ukarabati. Kwa mchwa, lipia ukaguzi wa msingi wa jengo na mitego ya kufuatilia. Dawa ndani ya stoo iwe ya mwisho.

Wa pili ni wa maji. Karatasi iliyolowa huanza kuota kuvu ndani ya saa 48 hadi 72, hivyo hakuna muda wa kutangaza zabuni. Kubaliana mapema na mwenye chumba cha kugandisha, hata kama biashara yake ni samaki, na mwenye lori. Karatasi zikishagandishwa, muda unasimama, na ukaushaji wa kugandisha kwenye ombwe unaweza kupangwa kwa utulivu. Karatasi zinazong'aa ziwahiwe kwanza kabisa, kwa kuwa zikikauka zimeshikana zinakuwa kipande kimoja. Usifungue kitabu kilicholowa wala kukitenganisha; kifunge kilivyo, mgongo chini, kwenye kreti iliyojaa robo tatu tu. Vichache, chini ya maboksi kumi, vinaweza kukaushwa kwa karatasi ya kunyonya na feni isiyoelekezwa moja kwa moja. Anayeshika vyenye kuvu avae barakoa ya kuchuja, N95 au FFP2.

Namba za simu za hao wote, pamoja na fundi wa ukarabati na mwenye funguo za umeme na maji, ziandikwe ukurasa mmoja. Nakala moja ibandikwe nje ya mlango wa stoo, moja ikae kwa mlinzi, na zipigwe zote mara mbili kwa mwaka kuona kama bado zinapokelewa.